Laptopu inakwama tangu nizime ulinzi wa kumbukumbu: maswali ninayoulizwa kila mara

Meza yangu ya ufundi iko Mtwara mjini. Msimu wa korosho ukifunguka, laptopu zilizokaa kabatini tangu mwaka uliopita hufutwa vumbi, na haipiti wiki bila mtu kuniwekea moja mbele na kusema: "Fundi, kuna kitu nilikizima kwenye usalama wa Windows, tangu siku hiyo inaleta skrini ya bluu." Wengine hunipigia kutoka Newala, Liwale au Nachingwea. Mashine siioni, nabaki kuelekeza kwa simu huku mtu ananisomea maneno ya kwenye skrini herufi kwa herufi. Ndiyo maana nimeyaandika hapa. Maneno ya Kiingereza yanayotokea kwenye skrini nimeyaacha yalivyo, ndani ya alama za kunukuu, ili uyatambue ukiyaona.

Kama mashine yako bado inawaka, hata kwa dakika kumi tu, acha kusoma. Nakili mafaili yako kwenye flashi kwanza, kisha rudi.

Nilichokizima ni kitu gani hasa?

Fungua "Windows Security", ingia "Device security", bofya "Core isolation details". Humo kuna swichi iliyoandikwa "Memory integrity". Ndiyo hiyo. Iliwafikia watumiaji wa kawaida kupitia Windows 10 toleo la 1803, Aprili 2018. Kwenye Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, mashine nyingi mpya huja nayo ikiwa imeshawashwa.

Kazi yake ni hii. Windows ina kiini, na ndani ya kiini hicho huingia draiva: vijiprogramu vinavyoiwezesha kompyuta kuongea na printa, kadi ya Wi-Fi, kioo, padi ya mchezo na kila kilichochomekwa. Draiva ikiwa ndani ya kiini ina mamlaka makubwa. Ikikosea, inaangusha mashine nzima. Ikiwa na nia mbaya, hakuna wa kuizuia. Swichi ikiwa imewashwa, Windows hutumia uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine ndani ya mashine, ikatenga chumba kidogo cha kumbukumbu ambacho hata kiini chenyewe hakina ruhusa ya kukigusa. Mkaguzi anakaa humo. Kila draiva hupita kwake kwanza, na sheria yake kubwa ni moja: sehemu ya kumbukumbu ya kiini inayoweza kuandikwa haiwezi kuendeshwa kama programu, na inayoweza kuendeshwa haiandikwi tena.

Mtu wa huku ataelewa haraka nikisema ghala la korosho. Gunia likishapimwa, likapewa daraja na kushonwa mdomo, halifunguliwi tena kuongezwa kitu. Ukitaka kuongeza, rudi kwenye mzani. Draiva nyingi za zamani ziliandikwa na watu waliozoea kufungua gunia katikati ya safari. Hawakuwa wezi, ila ndivyo kazi ilivyofanyika wakati huo. Mkaguzi wa leo hazipokei.

Kwa hiyo kuzima swichi ndiko kulikoiharibu mashine?

Hapana. Kuzima swichi hakuvurugi kumbukumbu, hakuchomi RAM (kipande cha kumbukumbu ya kazi) wala hakuharibu faili lolote. Kilichotokea ni kwamba kitu kilichokuwa kimezuiliwa nje sasa kimeingia, na hicho ndicho kinachoangusha mashine. Kazi yako ni kumjua aliyeingia.

Kwa ninaowaona hapa mezani, mara nyingi ni draiva ya zamani. Msimu mmoja karani wa chama cha msingi alikuja na laptopu iliyokuwa ikifa kila anapochapa risiti. Anaandika barua saa nzima, hakuna tatizo. Akibofya kuchapa tu, bluu. Aliyemuuzia waya wa kuunganisha printa ndogo ya risiti aliona draiva ya waya ule inakataliwa, akaenda moja kwa moja kuzima swichi. Printa ikachapa, akalipwa, akaenda zake. Draiva yenyewe ilikuwa ya zama za Windows 7. Niliitoa, nikatafuta toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji wa chipu iliyomo ndani ya waya, nikaiwasha swichi, na printa ikachapa vilevile. Nusu saa. Ingefanyika siku ile ya kwanza, yule karani asingerudia kuandika kwa mkono stakabadhi za siku mbili.

Aina ya pili haisemwi sana. Kuna watu waliwahi kuweka programu za kupunguza volti ya prosesa, kama ThrottleStop, ili laptopu isichemke. Kwenye mashine nyingi programu hizo hazina nguvu wakati ulinzi huu unafanya kazi. Mtu anaweka namba, haoni badiliko, anasahau. Mwaka mmoja baadaye anazima swichi kwa sababu nyingine kabisa, na zile namba alizozisahau zinaanza kazi. Prosesa inapata umeme pungufu, mashine inakwama, na yeye anaapa hajagusa kitu. Ukiwa na programu ya namna hiyo, ifute kabla hujafanya lingine lolote.

Aina ya tatu ni vijana wa michezo ya simu kwenye kompyuta. Ili programu ya kuigiza Android iende kasi, wanaambiwa waandike amri hii:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Hiyo haizimi swichi moja. Inazima msingi mzima ambao ulinzi umejengwa juu yake, pamoja na kitu kingine chochote kinachoutegemea. Programu ya zamani ya kuigiza Android inapoishika prosesa moja kwa moja, hapo ndipo vurugu zinapoanza. Kurudisha, fungua "Command Prompt" kwa ruhusa ya msimamizi, andika amri ile ile lakini mwisho weka auto badala ya off, kisha washa mashine upya.

Na mara nyingine ni sadfa tu. Siku uliyozima swichi ndiyo siku Windows ilipojisasisha, au ndiyo siku feni ilipoacha kuzunguka. Usiifunge kesi kabla hujasikiliza mashahidi.

Nitamjuaje aliyeingia?

Kabla ya kufungua chochote, jikumbushe: baada ya kuzima swichi, uliweka nini? Nani alikushauri uzime, na kwa ajili ya kifaa gani? Mara nyingi jibu liko hapo na mtu hataki kulisema. Padi ya mchezo ya bei rahisi, diski ya nje ya zamani, skana iliyotoka ofisi nyingine, programu ya kubadilisha rangi za taa za kibodi. Chomoa kifaa hicho, futa programu yake, tumia mashine siku nzima. Ikitulia, umeshampata.

Kama hukumbuki, Windows yenyewe huandika kumbukumbu ya kifo chake. Lakini hakikisha inapata nafasi ya kuiandika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda "Advanced", kisha "Settings" iliyo chini ya "Startup and Recovery". Ondoa alama kwenye "Automatically restart" ili skrini ibaki mbele yako uisome na kuipiga picha. Palipoandikwa "Write debugging information" chagua "Small memory dump". Kuanzia hapo kila kifo kitaacha faili dogo ndani ya folda C:\Windows\Minidump.

Mafaili hayo hayasomeki kwa macho. Mimi hutumia BlueScreenView ya NirSoft, ni ya bure na ndogo sana, haili bando. Ikifunguka juu utaona orodha ya vifo kwa tarehe, chini majina ya draiva zilizokuwepo. Anayetaka kwenda ndani zaidi ana WinDbg ya Microsoft na amri yake !analyze -v, lakini hiyo ni ya mwenye subira.

Sasa sikiliza, maana hapa hata mafundi wanateleza. Ukiona jina ntoskrnl.exe, usimkamate. Hicho ndicho kiini chenyewe cha Windows, na jina lake hutokea karibu kila mara kwa sababu maiti imekutwa nyumbani kwake. Tafuta jina jingine linaloishia na .sys linalojirudia kwenye vifo vitatu au vinne. Likipatikana, litafute ndani ya C:\Windows\System32\drivers, bofya kwa kitufe cha kulia, fungua "Properties", kisha "Details". Utaona imetengenezwa na nani na ina tarehe gani. Draiva yenye tarehe ya 2009 kwenye Windows ya leo haihitaji ushahidi zaidi.

Kifo kimoja hakitoshi kuhukumu. Nikiona majina manne tofauti kwenye vifo vinne, naacha kuwatafuta draiva, nageukia RAM.

Skrini imeandika maneno makubwa ya Kiingereza. Yana maana gani?

Yanasaidia, ingawa si hukumu. "DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL" ni draiva iliyogusa kumbukumbu kwa wakati usioruhusiwa. Ukiona jina la faili limeandikwa chini yake, shukuru, umerahisishiwa. "SYSTEM_THREAD_EXCEPTION_NOT_HANDLED" nayo mara nyingi humtaja mhusika. "PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA" inaweza kuwa draiva, inaweza kuwa RAM. "MEMORY_MANAGEMENT" naanza kwa kushuku RAM. "VIDEO_TDR_FAILURE" ni kadi ya picha au draiva yake. "WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR" ni vifaa vyenyewe vinalia: joto, umeme, au zile namba za volti nilizozitaja.

"DRIVER_VERIFIER_DETECTED_VIOLATION" ina kisa chake. Inamaanisha kuna mtu aliwasha chombo cha kupima draiva, ambacho kazi yake ni kuiangusha mashine makusudi kila kinapokuta kosa, halafu akasahau kukizima. Andika verifier /reset kwa ruhusa ya msimamizi, washa upya.

Na kama skrini yako ni nyeusi badala ya bluu, usidhani ni ugonjwa mwingine. Mwaka 2025 Microsoft iliibadilisha rangi kwenye Windows 11 toleo la 24H2. Sisi huku tutaendelea kuiita bluu.

Yangu haileti skrini yoyote. Inazima tu, pwaa, kama taa.

Hapo weka swichi pembeni kwanza. Fungua "Event Viewer", ingia "Windows Logs", kisha "System", tafuta tukio namba 41 lenye jina "Kernel-Power". Lenyewe linasema tu kwamba mashine iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri, jambo unalolijua tayari. Fungua "Details" uangalie "BugcheckCode". Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika wosia, na mara nyingi hiyo ni dalili ya umeme au joto.

Laptopu nyingi ninazoziona zina betri iliyokufa. Mwenyewe anaitumia ikiwa imechomekwa muda wote, na umeme ukipepesa kidogo tu mashine inazima. Huo si ugonjwa wa Windows. Chomoa chaja uone betri inashika dakika ngapi. Ikishika sekunde, tatizo umeliona.

Joto nalo. Weka kiganja pale hewa inapotokea. Kama haitoki hewa, au inatoka ya moto kama ya jiko, feni imejaa vumbi. Mashine za Masasi na Nachingwea nazikuta na vumbi jekundu limeshikana kama blanketi. Za Mikindani, Shangani na Lindi mjini zina tatizo jingine, chumvi ya baharini, nitalieleza chini.

Haiwaki kabisa sasa. Inafika kwenye nembo, inarudi mwanzo.

Iwashe, nembo ikitokea shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Windows itagundua kuwa inashindwa kuwaka na italeta ukurasa wa ukarabati. Nenda "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", bofya "Restart", kisha bonyeza 4. Hiyo ni hali salama: Windows inawaka na draiva chache tu za lazima.

Ikiwaka na kutulia hapo, ni dalili nzuri kwamba vifaa vyako vizima na mgonjwa ni draiva au programu. Futa ulichoweka mwisho. Kwenye ukurasa ule ule wa ukarabati kuna pia "System Restore". Kama kuna tarehe ya kabla ya matatizo, irudishe hapo. Hati zako haziguswi, ila programu na draiva ulizoweka baada ya tarehe hiyo zitaondoka.

Ikikwama hata ndani ya hali salama, soma sehemu ya RAM hapo chini.

Inadai namba ndefu ya BitLocker! Mimi sijawahi kuweka kitu kama hicho.

Huenda hukuweka wewe. Laptopu nyingi za Windows 11 hufunga diski zenyewe kwa BitLocker, kufuli la Windows, pale unapoingia mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft. Sasa wewe, au rafiki yako, mkaingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows) mkazima "Virtualization" au "Secure Boot" mkidhani ndiko kwenye swichi. Mashine ikaona mazingira yamebadilika, ikahisi imeibiwa.

Ufunguo ni namba ya tarakimu 48. Tumia simu, ingia akaunti ile ile ya Microsoft kwenye aka.ms/myrecoverykey, utaukuta hapo. Kama laptopu ni ya ofisi, muulize mtu wa kompyuta wa ofisi. Kama umeinunua mkononi mwa mtu na akaunti ilikuwa yake, mtafute leo kabla hajabadilisha namba ya simu. Jaribu pia kurudisha ulichobadilisha kwenye BIOS. Mara nyingine inaacha kudai. Bila ufunguo, mafaili yaliyomo hayafunguki, wala hakuna fundi mwenye ujanja wa kuyafungua. Anayekuahidi anataka hela yako.

Nataka kuiwasha tena swichi lakini inakataa.

Windows itakuambia kuna draiva zisizopatana, na itakuwekea "Review incompatible drivers". Bofya hapo. Utaona majina kama oem12.inf. Hao ndio uliokuwa unawatafuta tangu juu, na kama ungeanza hapa ungeokoa saa nzima. Nimeliweka chini kwa makusudi, kwa sababu watu wakiona orodha hiyo huanza kufuta hovyo. Piga picha kwanza.

Kama draiva ni ya kifaa unachokitumia, nenda kwa mtengenezaji utafute toleo jipya. Kikishapata draiva mpya, ya zamani inaweza kutolewa kwa usalama. Kama ni ya kifaa ulichoshaachana nacho, fungua "Command Prompt" kwa ruhusa ya msimamizi, andika:

pnputil /enum-drivers

Itakuletea orodha yote, na jina la asili la kila draiva. Ukishathibitisha ndiyo yenyewe:

pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall

Badilisha hiyo 12 kuwa namba yako. Usinakili yangu. Kuna dada mmoja alinakili nilivyoandika kwenye ujumbe, akafuta draiva ya Wi-Fi yake, ikambidi atafute mtandao wa kumsaidia kuupata mtandao.

Ikiwa swichi ni ya kijivu na haibofyeki, na kuna maandishi kwamba inasimamiwa na msimamizi, basi ni sera ya ofisi. Waachie wenyewe.

Baada ya kuiwasha, usiamini rangi ya swichi peke yake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, shuka chini mpaka "Virtualization-based security". Inatakiwa iseme "Running", na kwenye orodha ya huduma zinazoendeshwa uone "Hypervisor enforced Code Integrity".

Nimebadilisha, nikazima, nikawasha. Hakuna kilichobadilika.

Kwa sababu siku hizi kuzima si kuzima. Windows ina "Fast Startup": ukichagua "Shut down" inakilaza kiini usingizi kwenye diski na kukiamsha kilivyokuwa. Tumia "Restart". Hiyo ndiyo inayoanza upya kabisa.

Niliambiwa kuizima kunaongeza kasi. Ni uongo?

Si uongo wote. Microsoft yenyewe mwaka 2022 iliwaeleza wachezaji wa michezo kwamba wanaweza kuizima kwa muda wanapocheza, kisha waiwashe. Sehemu hii ya mwisho haisambai sana.

Inategemea prosesa. Intel za kizazi cha 7 na kuendelea, na AMD za Zen 2 na kuendelea, zina kipengele ndani yake kinachomrahisishia mkaguzi kazi, hivyo gharama yake ni ndogo. Laptopu nyingi tunazouziana huku ni zile zilizotumika Ulaya au Dubai, kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Hizo hazina kipengele hicho, mkaguzi anafanya kazi kwa mikono, na uzito unaonekana. Sitakudanganya kwamba hauonekani.

Lakini tuongee ukweli. Laptopu yenye diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4 haitakimbia kwa sababu umezima swichi moja. Weka SSD, diski isiyozunguka. Ongeza RAM ifike GB 8. Mwalimu aliyeniletea yake akitaka nizime "vitu vyote vinavyoila" nilimwekea SSD, ulinzi nikauacha umewashwa, na alidhani nimembadilishia mashine.

Mimi sikuzima hiyo. Nilizima kitu kinaitwa DEP.

Ni ndugu yake mkubwa kwa umri. DEP ilikuja na Windows XP Service Pack 2 mwaka 2004, na nayo inazuia data kuendeshwa kama programu, ila yenyewe haina chumba kile cha siri. Watu huizima kwa sababu programu fulani ya zamani, mara nyingi ya hesabu au ya kukata vyeti, inajifunga yenyewe kila ikifunguliwa. Kurudisha:

bcdedit /set nx OptIn

Kama kuna programu moja tu inayohitaji kuachwa, isamehe hiyo peke yake: sysdm.cpl, "Advanced", "Settings" ya "Performance", kisha "Data Execution Prevention", uiongeze kwenye orodha. Usiizime kutoka kwenye BIOS. Kuanzia Windows 8 mfumo unadai kipengele hicho cha prosesa kiwepo, na mashine inaweza kukataa kuwaka.

Inawezekana ni virusi?

Inawezekana, hasa kama ulizima swichi ili programu ya wizi ifanye kazi: ya kuamsha Windows bila leseni, au ya kudanganya kwenye michezo. Wahalifu wana mbinu ya kubeba draiva halali lakini yenye tundu, yenye saini sahihi kabisa, wakalitumia tundu lake kuingia kwenye kiini. Microsoft ina orodha ya draiva za namna hiyo zilizopigwa marufuku, na "Memory integrity" ikiwashwa orodha hiyo nayo husimamiwa.

Nenda "Virus & threat protection", "Scan options", chagua "Microsoft Defender Antivirus (offline scan)". Mashine itajiwasha upya na kukagua kabla Windows haijaamka, dakika kama 15. Ikipata kitu, badilisha nywila za barua pepe na benki ukitumia kifaa kingine.

RAM napimaje? Na chumvi inaingiaje hapa?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika mdsched.exe, chagua kuwasha upya sasa. Kipimo hicho ni cha haraka, kinafaa kukamata RAM iliyokufa wazi. RAM inayougua kidogokidogo inahitaji MemTest86 kwenye flashi, uiache ipime usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa. Usiseme ni moja tu.

Lakini usikimbilie kununua. Kwenye nyumba zilizo karibu na bahari, hewa ina chumvi na unyevu, na miguu ya dhahabu ya RAM hupata utando. Zima mashine, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, fungua mfuniko, toa kipande cha RAM. Futa miguu yake taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa kwa spiriti safi isiyo na maji mengi, iache ikauke, irudishe mpaka isikike imeshika. Kama kuna vipande viwili, jaribu kimoja kimoja. Sitaji idadi, lakini RAM nilizozifuta zikapona ni nyingi kuliko nilizozibadilisha. Mashine iliyomwagikiwa uraka ni habari nyingine. Hiyo usiiwashe, ilete ikiwa imezimwa.

Nisiipige fomati tu yaishe?

Unaweza. Ila ukimaliza kufomati ukachomeka waya ule ule na kuweka CD ile ile ya draiva, utarudi kwangu wiki hiyo hiyo. Jaribu kwanza amri hizi mbili, kwa mpangilio huu:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth

sfc /scannow

Ya kwanza inahitaji intaneti. Zinarekebisha mafaili ya Windows yaliyoharibika kwa kuzimika ghafla mara nyingi. Na kama unafomati kwa kurudi Windows 10, jua kwamba muda wake wa kawaida wa kupata masasisho uliisha tarehe 14 Oktoba 2025.

Bando langu dogo. Nitapakuaje draiva?

Pakua kwa simu, hamishia kwa waya wa USB. Draiva ya kifaa kimoja huwa ndogo. Kinachomaliza bando ni Windows kujisasisha nyuma ya pazia. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi washa "Metered connection" mara tu unapoiunganisha na simu. Epuka tovuti zinazokuahidi kusasisha draiva zote kwa kubofya mara moja. Ndiko nusu ya matatizo ya ukurasa huu yanakotoka.

Nikikuletea, nije na nini?

Mashine yenyewe, na picha ya skrini ya bluu kama umeipiga. Kifaa unachokishuku, hata kama ni waya mdogo unaouonea aibu. Ufunguo wa BitLocker ukiwa umeandikwa kwenye karatasi, si ndani ya laptopu hiyo hiyo. Jina la mtu aliyezima swichi sihitaji, ila nahitaji kujua alikuwa anajaribu kufanikisha nini. Kama unatoka Tandahimba au Ruangwa, nitumie kwanza mafaili ya folda ya Minidump. Mara nyingi nayasoma na kukujibu, ukaokoa nauli. Ikibidi spea iagizwe Kariakoo, ni zaidi ya kilomita 500 za barabara mpaka hapa, kwa hiyo usije siku moja kabla ya mnada.

Na uje na chaja yake.